Mtoto Habebwi kwa Simu

Mkunya,
Newala.
14 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mujibu, mume wangu wa Kahama,

Assalam alaikum. Na marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia. Naiitikia mapema ili usije ukasema bibi yako hana adabu. U hali gani huko mgodini? Mgongo wako unaoshinda juu ya mtambo unaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Unakula, au bado unaishi kwa chipsi na soda? Nijibu yote hayo, usiniambie "poa" kama unavyozoea.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baridi ya Julai imetushika, asubuhi ukungu haumwonyeshi mtu jirani yake. Mbaazi tumeanza kuvuna. Magoti yangu yananiuma, lakini macho bado yapo, kama mwandiko huu unavyokuonyesha.

Nimeona niandike kwa mkono wangu, kwa elimu yangu ya ngumbaru, kwa sababu barua haina kitufe cha kukatia. Ijumaa ulinikatia simu. Ulimtukana shemeji yako Jafari, ukasema amwache mtoto wako, kisha ukanizimia na mimi nikiwa na neno mdomoni. Neno lenyewe ndilo hili, na ni refu. Tafuta pa kukaa.

Nianze na kigari chako. Ulikuja nacho kwenye arobaini ya mtoto, kimefungwa nailoni juu ya basi, watoto wakakukimbilia wakidhani umeleta pikipiki. Ukakikunjua uwanjani, ukamlaza Lukmani ndani, ukasukuma. Magurudumu yakazama. Mtu aliyezaliwa Mkunya, aliyeula mchanga huu kabla hajala ugali, kasahau kwamba huku hata baiskeli hushukwa ikakokotwa. Ulisukuma, ukavuta, ukatokwa na jasho mbele ya wakweo, mwisho ukanipa mimi mtoto ukakitia kigari begani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtoto wa kukutosha kiganjani ulikataa kumbeba, ukabeba chuma.

Siku hizi kuku wa mkeo Rahima anatagia humo. Faidha wa nyumba ya pili alikuja kumpiga picha binti yake amekaa ndani ya kigari, akamfukuza kuku kwanza. Hayo ndiyo matunda yake.

Lakini kigari hakikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni maneno yako. Ulikaa barazani kwangu na simu yako, ukamsikiliza sijui bwana gani wa mtandaoni mwenye meno meupe, halafu ukatugeukia sisi tuliolea. "Msimzoeshe mikono, Bibi," ukasema. "Mlazeni, akilia mwacheni, atanyamaza mwenyewe." Na ukathubutu kunitolea methali, eti mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mjukuu wangu, methali hiyo ni ya mtoto anayeiba sukari kabatini. Haikutungwa kwa kiumbe ambaye shingo yake bado haijakaza. Kama huna methali zako mwenyewe, usiazime za wakubwa ukazivaa kinyume.

Wewe hospitalini Ndanda hukuwepo, ndiyo maana nakusimulia. Lukmani alizaliwa njiti, hajatimia, ngozi yake nyekundu na masikio yamelala. Wauguzi walimvua wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakasema hicho ndicho kitanda chake. Rahima alikuwa ametoka kupasuliwa, akapandwa na homa, mikono ikamwishia nguvu. Wakauliza nani mwingine yupo. Nilikuwepo mimi. Nikafungua gauni langu mbele ya wodi nzima, nikawekewa mwanao, au niseme mjukuu wako, kwa jinsi unavyomtembelea kwa nadra.

Kifua changu hiki kikavu hakikuwa na maziwa. Kilikuwa na joto, na joto ndilo alilolitaka. Pumzi yake ilikuwa ikikwama, ikisikia yangu inaendelea nayo inaendelea. Nilikaa hivyo sikugeuka, nikaogopa hata kupiga chafya. Nilimpenda hapo, nakwambia wazi, kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiyenijua jina. Sasa uje wewe na video uniambie mimi habari za mikono.

Na ulipomwoa Rahima ulitoa mbeleko, unakumbuka? Marehemu mama yake aliipokea kwa mikono miwili akalia. Ulidhani ile ni nini, ushuru wa halmashauri? Ile ni asante kwa mgongo uliombeba mkeo. Umeishukuru kazi ambayo unakataza mwanao asifanyiwe.

Nije kwenye lile ambalo hulijui vizuri, kwa sababu kioo cha simu kilikuonyesha ulichotaka kukiona.

Mama yako Ziada alipovunjika mkono, nilikwenda Lupaso kumpikia. Nilipoondoka hapa mtoto alikuwa mgongoni kwa Rahima. Nyuma yangu ukawa unapiga kila magharibi, unataka uonyeshwe mtoto amelala kitandani peke yake. Rahima ni mwanamke msikivu, na wewe umeutumia usikivu wake vibaya. Akamlaza. Akilia, anakaa nje ya mlango na kanga yake amejiziba masikio. Ulikuwa unamsifu, unamwambia anakwenda na wakati.

Nimerudi nikamkuta Rahima anatwanga, nyumba kimya. Nikauliza mtoto yuko wapi. "Ametulia, Bibi," akaniambia. "Siku hizi hasumbui kabisa." Nikaingia ndani. Lukmani alikuwa macho, anatazama mabati. Nikamwita, hakugeuka. Nikamgusa shavu, hakulitafuta titi kwa mdomo kama alivyokuwa akifanya. Mujibu, mtoto yule hakutulia. Alikuwa amekata tamaa, amejua kwamba kuita hakuleti mtu.

Kesho yake tukampeleka kliniki. Mizani ilisema uzito umesimama. Muuguzi akauliza mtoto anabebwaje, Rahima akatazama chini, mimi nikamjibu kwamba anabebwa na baba yake kutoka Kahama. Hakucheka. Akatuambia tumrudishe kifuani, tumbebe kutwa nzima, tumwongeleshe, asiachwe. Sikufurahi kwamba nilikuwa sahihi. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa mwongo na mtoto akanenepa.

Basi nikamvua, nikamfunga na kanga kifuani, nikashinda naye hivyo nikichambua mbaazi. Hakulia. Akilowa hakulia, akiwa na njaa hakulia. Siku zikapita. Kisha asubuhi moja nilimweka kitandani nifunge kanga upya, akakunja uso, akapiga kelele ambayo Faidha aliisikia kwake akaja mbio akidhani kuna msiba. Rahima aliacha mwiko kwenye ugali akaja kumnyakua, akakaa naye chini analia kuliko yeye. Kelele hiyo ndiyo uliyotaka tuizime.

Tangu siku hiyo Rahima hajakuonyesha tena kitanda. Si mimi niliyemkataza. Amekataa mwenyewe, na mimi nimemwongezea kipande cha nyama kwenye sahani yake.

Lakini magoti yangu ni ya kizee na Rahima ana shamba. Kutwa nzima inataka kifua cha tatu. Tulikupigia. Nilikusihi kwa sauti ambayo situmii hata kwa Mwenyekiti wa kijiji. Ukasema likizo yako ni Desemba, ukasema utatuma bembea inayojitikisa yenyewe na kuimba. Inayoimba, Mujibu. Nikakaa na simu sikioni nikijiuliza ni nani aliyekulea.

Ndipo akaja Jafari. Hakuitwa. Alisikia kwa dada yake, akaja na shati lake la kupulizia dawa mikorosho, kwanza akaenda kuoga. Akarudi akafungua vifungo, akampokea mpwa wake kifuani, tukamfunga kanga ya Rahima juu yake. Jitu zima lile lenye mikono iliyopasuka, likawa linatembea polepole uwanjani kama limebeba mayai. Siku ya pili akatoka naye hadi kwenye kijiwe cha kahawa. Wanaume wenzako wakamwangukia kwa vicheko, wakamuuliza kama maziwa yameshatoka. Jafari akaagiza kahawa yake akaketi. "Mtoto wa dada yangu simbebi kwa ruhusa ya kijiwe," akawaambia. Wajinga huchoka upesi wasipopewa jibu refu.

Na huyo ndiye uliyemwona kwenye simu Ijumaa, ukapandisha hasira. Eti mtoto wangu. Eti mimi ndiye baba. Sasa nisikilize, maana inaonekana mgodi umekusahaulisha ulikotoka.

Huku kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Wewe mwenyewe ni wa ukoo wangu, kwa tumbo la Ziada. Baba yako alikuja kwetu na panga lake na jembe, tukampa shamba. Lukmani ni wa ukoo wa Rahima. Jandoni atapelekwa na Jafari. Akiharibu, Jafari ndiye atakayeitwa. Akitaka kuoa, Jafari ndiye mwenye neno, wewe utaketi mkekani na kuitikia. Hayo yote mjomba amepewa bure, hajayaomba. Baba amebakiziwa nini? Amebakiziwa kitu kimoja, mtoto amjue: harufu yake, sauti yake, mapigo ya moyo wake. Hicho hakirithiwi, na hakuna mzee wa kukugawia. Kinapatikana kwa kubeba. Na hicho kimoja ndicho ulichokitupa, ukamwachia Jafari ambaye tayari ana vingine vyote, kisha ukampigia simu kumtukana kwa kukiokota.

Baba yako, na unajua mimi na yeye hatukupendana, alikuwa akikubeba shingoni mpaka shambani na kurudi. Ulimkojolea, akacheka. Alipokufa ulikataa kula. Unadhani ulimlilia kwa sababu ya kitu gani alichokununulia?

Sasa nakupa habari ya mwisho, na sikutaka kukupa. Jumamosi asubuhi, wewe ukiwa umelala na hasira zako, Jafari alikuwa amekaa barazani anamenya mizizi ya ming'oko, mtoto kifuani. Akakohoa. Lukmani akainua kichwa, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akacheka. Si ule mdomo wa usingizini unaochezacheza. Alicheka kwa kumwona mtu, ufizi wote nje. Rahima akaangusha ungo. Ni kicheko chake cha kwanza duniani, na kimekwenda kwa mjomba.

Jafari hakushangilia. Aligeuza uso ukutani, kisha akaniambia, "Bibi, hiki hakikuwa changu. Mwite baba yake." Matusi yako yote ya Ijumaa ameyajibu hivyo. Mimi si mwema kama yeye. Mimi ningenyamaza nikufurahie unavyokosa. Lakini ameniomba, na nimeandika.

Kwa hiyo omba ruhusa uje. Bosi wako akikataa, mwambie bibi yako mgonjwa. Hutakuwa umedanganya, umeniuguza vya kutosha. Usilete bembea, usilete kitu chochote cha kuchaji. Vaa shati lenye vifungo. Utakapofika mtoto atakulilia, atakusukuma, atamtafuta Jafari kwa macho. Usinunie kichanga kama ulivyozoea kununia watu wazima. Utamfunga kifuani hivyo hivyo, utatembea naye mchangani akilia, mpaka achoke kukukataa. Watu watakucheka. Nitakuwa wa kwanza.

Mama yako Ziada anakusalimu kutoka Lupaso, mkono unaunga, anasema hana la kuongeza juu ya niliyoyasema. Rahima anakusalimu kwa ufupi. Jafari anakusalimu kwa heri, ingawa hukustahili. Nisalimie binamu yako Maryam na mumewe Husseni, waambie barua yao ya mwaka juzi ilifika. Korosho zilizomo kwenye kifurushi hiki ni za Maryam, zako ni zile zilizovunjika.

Mwenyezi Mungu akulinde na mawe ya huko chini, akupe riziki ya halali na kichwa chepesi cha kuelewa. Na akufikishe nyumbani kabla Lukmani hajajifunza kusema "baba", kwa maana neno hilo mtoto humwambia aliye karibu.

Ni mimi bibi yako na mkeo mkubwa, ninayekupenda hata unaponichukiza,

Bimdogo