Kiganja Juu ya Aya ya Kwanza

Dada Konso,

Nakuandikia kutoka ofisini, hapa Remera, kwenye meza yako. Ndiyo, wamenipa meza yako na kazi yako ya kuandika taarifa za kampuni. Tangu siku ile tuliyotoka kukuzika tukanawa mikono kwa desturi, sijakuhitaji kama asubuhi hii.

Maziwa yetu ya mgando, ile ikivuguto ya chupa, yamedhuru watu. Mashine ya kupoza ilizimika kiwandani, mzigo ukaharibika, wakauachia utoke hivyohivyo. Watoto wa Nyakabanda wamelazwa, wanatapika. Na kuna maduka bado yanauza, hata sasa hivi ninapoandika. Mkurugenzi aliniambia niandae taarifa kwa vyombo vya habari. Nikaandaa. Akaisoma, akaguna, akanipa ya kwake: "Kampuni yetu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mstari wa mbele katika lishe bora..." Ee Mungu wangu! Onyo amelisukumia chini kabisa, baada ya tuzo na vyeti.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifanyia? Nakuletea taarifa niliyoijaza maneno ya kifahari, nawe husomi. Unafunika aya ya kwanza kwa kiganja, unaanzia ya pili. "Mbona sijapungukiwa kitu? Kata." Nilikuwa nachukia! Siku moja nilienda kulia chooni, ukanifuata na chapati mkononi: "Kula kwanza, halafu ukate." Nikacheka na machozi yangu.

Leo nimeifunika ya mkurugenzi. Nikafunika aya, nikafunika nyingine, na nyingine, sikupungukiwa kitu. Ya mwisho ndiyo inawaambia watu wasinywe. Mama mwenye chupa mezani hatafika huko, Dada. Atakuwa ameshammiminia mtoto.

Nilimwambia mkurugenzi hivyo. Akasema, "Tuma yangu, la sivyo kabidhi ofisi," akaingia kikaoni, akafunga mlango. Nina chumba cha kupanga Kimironko, nina mdogo wangu anasoma. Mimi sina ujasiri wako. Wewe ungeingia na viatu vyako vya kelele umwambie, "Bwana mkubwa, acha mchezo." Nimekukasirikia kwa kufa kwako, basi, nimesema.

Nimetuma yangu. Inaanza hivi: "Usinywe ikivuguto yetu uliyonunua wiki hii. Iliharibika kiwandani, na kosa ni letu. Mtoto akitapika, mpeleke hospitali sasa." Redio wameshaisoma. Nimeisikia kwenye simu ya mlinzi hapo chini.

Mlango wa kikao umefunguka. Anaita jina langu.

Kwaheri, Dada Konso. Pumzika, sitakusumbua tena kwa kila sentensi. Nakuahidi kitu kimoja: akiniuliza nani kaituma, nitasema ni mimi. Mengine yote nitayakata.

Mdogo wako,
Solange