Vyuma vya Ubavuni Vilivyoziba Uchochoro

Mji wa Kale, Jumamosi, 1996. Jua kali, upepo umegoma, shati limenigandama mgongoni.

Naandika haya nikiwa nimeketi kwenye baraza la jirani yangu Bi Zuhura, na si kwa kupenda. Pikipiki yangu imekwama hapa mbele ya mlango wake, katikati ya uchochoro, nami naona vibaya kuiacha peke yake. Kuibwa haiwezi kuibwa, hilo nina yakini nalo. Hata mimi mwenyewe nimeshindwa kuichukua.

Pikipiki hii niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyeshuka nayo kutoka kwao, akavuka jangwa, akafika Mombasa, akaona bahari, akapanda ndege kurudi. Ni ya safari za mbali: tangi kubwa, magurudumu ya kukanyaga mawe, na kiti kiko juu. Mimi ni karani wa bandarini na Mungu hakunijalia urefu. Nikiikalia miguu yaning'inia. Nikisimama, chini nafika kwa kidole gumba cha mguu mmoja tu, huku nikivuta uradi.

Ijumaa ya wiki iliyopita kidole hakikufika.

Nilikuwa nimempakia mke wangu Rukia, twatoka kwa mamake. Watu walikuwa wamejaa njiani wakitoka msikitini, nikasimama, kidole kikatafuta ardhi kikakuta mtaro. Pikipiki ikalala ubavu taratibu, kwa heshima zake zote. Mimi niliruka. Rukia aliketi kwenye sinia la bajia la mwuzaji wa pale pembeni. Hakuumia hata ukucha, alhamdulillahi, lakini mtaa mzima wa Kuze ulimwona mwana wa watu ameketi juu ya bajia na buibui lake, na tangu siku hiyo mashoga zake wakikutana naye wamuuliza ukwaju wa kuchovyea uko wapi.

Jioni ile aliniambia neno moja tu: "Mimi na kitu chako hicho, basi."

Sasa mtu asiyejua atasema, si uzunguke nayo peke yako? Sikuinunua kwa hilo. Tangu tuoane sijampeleka Rukia popote. Fungate nilimwahidi Lamu, tukaishia Likoni. Dadake wa Malindi amejifungua, arobaini ya mtoto ni wiki ijayo, nami nilikwisha kuapa kwamba safari hii nitampeleka mwenyewe, sisi wawili, twende tukisimama tunapotaka, tufike Kilifi tule korosho. Nilishaiona safari yote kichwani. Bajia zikaiharibu.

Na shemeji yangu, kakake Rukia, mtu asiyelaza damu kwenye mambo ya wenziwe, keshapata mnunuzi wa pikipiki.

Rukia akatoa hukumu. Pikipiki ifungwe vyuma vya ubavuni, ikilala hivyo vyuma viishikilie, yeye asilale nayo. Avione, avipime kwa macho yake. Akiviamini, atapanda twende Malindi. Asipoviamini, Jumatatu yauzwa, naye atapanda basi.

Mimi nilikuwa na changu rohoni. Yule Mzungu aliacha gazeti la pikipiki ndani ya sanduku la nyuma, na humo mna picha ya vyuma vizuri, vyembamba, vyeusi, vimeikumbatia injini. Nikamwonyesha Rukia.

"Vyamkinga nani hivi?"

"Injini."

"Injini ndiye mkeo?"

Nikalifunga gazeti.

Tukaenda Liwatoni kwa Fundi Athumani, ambaye maisha yake yote amechomelea vyuma vya madirisha. Pikipiki hajapata kuifunga kitu, lakini haya hana. Alisema nikimpa siku mbili, hata nikigongwa na lori, litakaloumia ni lori.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke wa kwetu mwenye buibui lake hapandi pikipiki kwa kutanua miguu kama mpanda punda. Huketi upande, miguu yote miwili kushoto. Rukia akakaa juu ya kreti vile vile, akanyoosha miguu, na Athumani akapima kutoka kreti mpaka ncha ya kiatu. Rukia akasema ongeza kidogo. Akaongeza. Kisha fundi akasema chuma cha upande mmoja kitaivuta pikipiki, basi na kulia pawe vivyo hivyo. Mimi nikasema nataka vya boliti, vinavyofunguka. Rukia akauliza, "Boliti hulegea?" Fundi akakiri kwamba hulegea. "Basi chomelea."

Athumani alikuwa na maua mawili ya chuma yaliyobaki kwenye kazi ya dirisha, akatia moja kila upande. Nilisema pikipiki iliyovuka jangwa haivai maua. Hakuna aliyenisikia.

Tulipima kila kitu isipokuwa uchochoro.

Leo nimeichukua. Barabarani nilikuwa mfalme, wallahi! Magari yalinipisha. Nikaingia mtaani kwetu, mdomo wa uchochoro mpana, mteremko mzuri, nikaiachia. Baraza la Bi Zuhura limetokeza njiani hapa tangu sijazaliwa, nami nimelipita maisha yangu yote, wala halikunijia akilini. Nikasikia mkwaruzo wa kutia ganzi meno. Chuma cha kushoto kimebana kwenye baraza, cha kulia kwenye ukuta wa pili. Kiwiko changu ngozi imebaki ukutani.

Bi Zuhura akatoa kichwa dirishani. "Lahaula! Dirisha la nani hilo unalolileta?"

Mahamali wawili waliokuwa wakipita wakatua mizigo yao, wakaivuta. Ikashuka chokaa, pikipiki haikushuka. Bi Zuhura akapiga ukelele kwamba nyumba yao ya urithi yabomolewa, wale mahamali wakakumbuka wana kazi kwingine. Nikatuma salamu kwa Athumani aje na msumeno. Jibu: yuko arusini Likoni, atakuja kesho. Wenye kwenda kusali alasiri wameiruka mmoja mmoja, wameshika kanzu, na kila mmoja ameniachia shauri lake. Mmoja kaniambia nihame nyumba.

Nimeona haya mpaka masikio yawaka moto. Lakini haya hupita. Kinachoniuma ni Malindi. Rukia akiiona ilivyokwama, itauzwa hata kabla ya Jumatatu.

Ndiye yule aja. Naweka kalamu.

Nimerudi.

Rukia alisimama mbele ya pikipiki, mkono kiunoni. Na mtaa mzima ukasogea, wambea hawa, wapate kusikia vizuri. Akaisukuma kwa kidole. Akaisukuma kwa mikono miwili. Akaitia bega, kisha akaipiga teke.

"Haianguki?"

"Haianguki."

"Hata nikipanda?"

"Hata akipanda Bi Zuhura."

"Nimekusikia!" sauti ikatoka juu.

Rukia akakanyaga baraza, akakusanya buibui lake, akaketi kitini kwa upande, miguu yote miwili akaipumzisha juu ya lile ua la chuma. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto. Pikipiki tuli. Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio, kicheko ambacho sijakisikia tangu siku ya sinia, na mimi, niseme kweli, nikacheka naye.

"Nenda kaniletee bajia," akasema. "Na ukwaju."

Nikaleta. Nikapanda mbele yake. Miguu yangu ikaning'inia pande zote mbili kama kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue pikipiki hii sikuona hofu yoyote. Tukala bajia hapo hapo, hatuendi popote, mtaa watutazama kama maharusi. Tulipomaliza akaupitisha mkono akanishika kiuno, mbele ya watu, Rukia huyu ninayemjua mimi.

"Mwambie kakangu mnunuzi asije," akasema. "Na Athumani akikata, aache maua."

Sasa ameingia ndani kuteleka chai. Mimi nimebaki na ulinzi wangu.

Kesho msumeno utakuja na pikipiki itakuwa huru kuanguka tena. Na mimi najiuliza: nimwambie Athumani akate, au nimwambie arusi ya Likoni bado haijaisha, asije kwanza?