Mtungi wa Dawa ya Kahawa

Kamau, mume wangu mdogo, wewe uliyepewa jina la babu yako,

Huku Mutuini hatujambo, ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama dawa za shambani zinaweza kumnyima mwanamume watoto, kwa kuwa wewe na Wanjiru bado mnangoja. Tangu hapo sipati usingizi.

Babu yako alikoroga dawa ya kahawa kwa mkono mtupu. Mtungi ulipoisha tuliusuuza, tukauwekea maji ya kunywa. Baada ya baba yako hatukujaliwa mtoto mwingine, na lawama nikabeba mimi. Nilienda hospitali mara nyingi, peke yangu. Yeye hakupimwa hata siku moja.

Kama ni dawa, sijui. Lakini Wanjiru asiende peke yake. Tangulia wewe, mume wangu.

Shosho wako