Kikohozi Nilichokificha

Dzaleka, Dowa
Malawi
14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Générose, dada yangu mkubwa,

Hujambo huko Bukavu? Magoti yako yanauonaje ule mlima wa kanisani? Na shemeji Raphaël, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Sisi tunaishi, Mungu yupo. Barua hii nampa Balagizi anayerudi huko, maana mambo mengine siwezi kuyasema kwenye simu nyumba nzima ikisikiliza.

Tumepata mjukuu. Charlène wangu amejifungua binti, anaitwa Merveille. Unajua kwetu ni bibi anayemwogesha mtoto siku za kwanza, kama mama alivyowaogesha wako. Mimi sikumgusa, Yaya. Majuma matatu nilimtazama kutoka mlangoni.

Sababu ni kikohozi. Kilianza tulipoondolewa Area 49, kule mjini Lilongwe, na kurudishwa huku kambini kwenye vumbi. Nikilala tu, kitu kinashuka nyuma ya koo, nakohoa hadi machozi. Nikadhani ni TB, na kwa woga nikafanya ujinga: sikwenda kupimwa. Faili yetu ya kuhamia ng'ambo imengoja miaka minane, nikasema wakiona TB wataifungia kabatini.

Basi nikajificha. Nilishona nguo dirisha likiwa limefungwa, mbabula, jiko letu la makaa, karibu na miguu, na kila siku natia puani matone ya kuzibua pua niliyonunua sokoni, miezi minne mfululizo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Charlène alinisikia, akasema, "Mama, mi nakupenda, lakini mutoto, hapana." Sikumlaumu. Nililia tu.

Ndipo nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, wakanipa siku mbili. Huko Lilongwe, hospitalini, walipima makohozi, wakapiga picha ya kifua. Hakuna TB! Daktari, binti wa umri wa Charlène, alinieleza kwa Chichewa cha polepole kwamba ni makamasi yanayotiririka kutoka nyuma ya pua hadi kooni. Vumbi na moshi huyachochea. Na yale matone yangu ni ya siku chache tu. Ukizidisha, pua inavimba na kuziba zaidi.

Wewe na kule kukwaruza koo kila asubuhi, ambako baba alikuita "sala ya Générose", nisikilize. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye kikombe. Inama juu ya beseni, mimina kwenye tundu moja la pua huku ukipumua kwa mdomo, kisha la pili. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Lakini ukiona damu, homa au unakonda, nenda upimwe, usiwe mjinga kama mdogo wako.

Mwishoni daktari akaniambia nikae mbali na vumbi. Nilicheka hadi nikakohoa. Mbali wapi? Ruhusa mfukoni ilitaka niwe kambini kesho yake jioni. Nilipita Area 49, nikaiona nyumba tuliyopanga, bustani yake imemwagiwa maji, na nikasimama hapo nikipumua tu. Nimechoka kufungiwa, Yaya. Dawa yangu naijua ilipo na siruhusiwi kuishi huko.

Charlène alisoma majibu mara mbili, akayakunja, akaendelea kumwogesha mtoto mwenyewe. Siku nne nzima! Nilimwonea uchungu na hasira kwa pamoja. Nyumbani kwangu mwenyewe nilikaa kama mtu anayengoja geti lifunguliwe.

Nisalimie Lwaboshi na wanawe, na mama Zihindula wa pale chini. Mungu awalinde vifua na njia zenu.

Nimeacha hili la mwisho kusudi. Leo asubuhi Charlène ameweka beseni mbele yangu na mtoto mapajani mwangu. "Sabuni njo hii, Mama." Katikati ya kumwogesha nimekohoa, mara mbili. Nimengoja mikono ya Charlène ije kumchukua. Haikuja.

Wako akupendaye, mikono bado inanukia sabuni,
Pascaline