Miwani Uliyoniomba

Kalemie (Albertville), tarehe 21 Agosti 1960

Yaya Léontine, dada yangu mkubwa,

Pokea yambo yangu nyingi, wewe na mume wako Hippolyte, na watoto wote, zaidi huyo mchanga mliyempa jina la marehemu Papa wetu. Ameanza kuinua kichwa? Na maziwa yako yamerudi vizuri? Mimi ni mzima. Upepo wa ziwa ni mkali mwezi huu, vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani ya bukari, na samaki wadogo wa ndagala wameadimika sokoni. Lakini tunakula. Madame niliyekuwa nampigia pasi aliondoka mwezi wa saba pamoja na mumewe, kwa haraka, pasi ikiwa bado ya moto juu ya meza. Tangu siku hiyo ninashona mashati ya watoto hapa kwa Mama Bertille, jirani yetu wa kambi ya reli, aliyenipa chumba nilipotolewa katika nyumba ya kazi ya Papa.

Barua zako tatu zimenifika kwa mkono wa watu wa treni, na zote zinauliza jambo moja: miwani ya Papa iko wapi, na kwa nini siitumi. Umenieleza kwamba macho ya Hippolyte yameingia ukungu, kwamba aligonga mbuzi wa watu mchana kweupe kwa lori la misheni, na kwamba Mapadri wakijua watampa mtu mwingine usukani. Katika barua ya mwisho umeandika: "Pélagie, miwani ya Wazungu haiwezi kulala sandukuni wakati macho ya shemeji yako yanakufa. Tangu lini umekuwa mchoyo?" Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Mama angekuwa hai angesema vilevile.

Si uchoyo, yaya. Nitakueleza, ila uniache nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe likisimama peke yake sitaweza kuliandika.

Wewe uliolewa Papa akiwa bado anahesabu mitumbwi ziwani kutoka mlangoni kwetu. Hukumwona miaka yake miwili ya mwisho. Macho yote mawili yalikuwa na weupe kama maji ya kuoshea mchele. Kwa daktari wa kazi hakutaka kwenda, kwa sababu daktari angeandika karatasi, na mtu asiyeona haachwi kwenye reli kuvuta mkono wa chuma unaogeuza njia ya mabehewa. Kazi ingekwisha, na nyumba ya kambi ingekwenda na kazi. Aliyejua siri ni mwenzake, Papa Néhémie. Kila behewa lilipokuja, Papa Néhémie alipaza sauti: "Barthélemy, ngoja!" Papa alisimama kama mti. Hakuinua mguu mpaka asikie: "Pita!" Kazini watu waliwacheka, wakiwaita bwana na bibi. Papa aliwajibu kwamba bibi yake anapiga kelele lakini hapiki. Hivyo walikwenda miaka miwili, na hakuna hata mkwaruzo.

Madame alikuwa akinipa magazeti aliyokwisha kusoma, nifungie nguo. Jioni nilimsomea Papa, nikigeuza Kifaransa kwa Kiswahili kadiri ya vile Masista walivyotufundisha. Habari za siasa hakuzitaka. Alitaka matangazo, yale yaliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wenye mashamba. Aliketi, akanyoosha miguu, akaniita mama kama kawaida yake: "Soma, mama, tusikie leo Wazungu wa shamba wamekosa nini." Nami nilisoma: pampu inayopandisha maji mlimani peke yake, waya wa miiba, dawa ya kupe wa ng'ombe, mashine ya kuangulia vifaranga, bwana anayezunguka mashambani mara moja kwa mwaka kurekebisha vinanda. Papa aliwahurumia kweli. "Masikini, hata kuku wao hawajui kulalia mayai! Na huyu wa kinanda, muntu anatoka Elisabethville mpaka Kirungu sababu ya kinanda kinalia vibaya? Angefika hapa amurekebishe Bertille." Mama Bertille alikuwa akisikia kupitia ukutani, akamjibu kwamba yeye akilia vibaya ni kwa sababu ya majirani.

Kulikuwa na tangazo la kofia za kuagiza kwa posta: pima kichwa chako kwa uzi, utume uzi, kofia itakuja. Papa alijipima. Hakutuma kitu, lakini uzi ule aliuweka mfukoni, akaniambia mkubwa wa stesheni akimsumbua anaushika tu, anajua kofia yake iko njiani. Ukumbuke uzi huo.

Mwezi wa tatu nilikuta tangazo jingine. Liliwaambia mabwana na mabibi wakulima wa Kirungu, Nyunzu na kandokando kwamba mpima macho atakuwa hotelini hapa siku tatu, kupimwa ni bure, na mtu atatoka na miwani siku ileile. Papa akauliza kama imeandikwa kwamba watu weusi wasifike. Nilitazama mara mbili. Haikuandikwa. Akasema: "Basi." Unajua mji wetu, yaya. Mahali tulipokatazwa palikuwa na ubao, au palikuwa na mtu wa kutufukuza. Gazeti halikuwa na ubao wala mtu. Na Uhuru ulikuwa karibu, kila mtu akisema sasa mambo ni sawasawa. Sikufikiri kwamba halikuandika katazo kwa sababu halikudhani kwamba sisi tunalisoma.

Nilimpigia pasi shati lake la kaki, nikaweka na wanga. Tulifika saa nne ya asubuhi. Barazani walikuwa wamekaa Wazungu wa shamba na watoto wao, wengine wana bia mkononi tayari. Mtumishi wa hoteli, mtu wetu, alitunong'oneza twende upande wa jikoni kama tunatafuta kazi. Papa akamwambia kwa heshima kwamba tumeitwa na gazeti. Mpima macho alitoka, akawa mwekundu, akafungua kinywa kutufukuza. Hapo Mzungu mmoja mnene akasema wamuache mzee aingie, asubuhi ni ndefu, waone atakavyosoma.

Wakamweka kitini. Mbele yake ukutani palikuwa na ubao mweupe wenye herufi nyeusi, kubwa juu, ndogo chini. Wakamwambia asome. Papa hakujua herufi hata moja, na hilo unalijua. Lakini maisha yake yote alikuwa ameona ubao mweupe wenye maandishi meusi mahali pamoja tu, kwenye stesheni, wenye majina ya vituo vya treni. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti, akasoma kwa sauti ya mtu wa kazi: "Albertville. Niemba. Nyunzu. Kabalo." Akavuta pumzi. "Kongolo, kwa binti yangu."

Walicheka mpaka bibi mmoja akafuta machozi kwa glovu. Mnene alipiga meza akimwomba aendelee mpaka Ulaya. Papa alicheka pamoja nao, kwa adabu, akidhani amejibu vizuri. Kisha mpima macho akafungua sanduku lake, akatoa miwani yenye pembe nyeusi za kushika masikioni, akamvisha. Walipiga makofi. Tukatoka. Kulikuwa na maneno mengine pale, nitayafikia.

Kuanzia siku hiyo Papa alikuwa mtu mpya. Asubuhi aliihemea ile miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Ule uzi wa kofia aliufunga kwenye pembe zake, ukapita nyuma ya kichwa, upepo wa ziwa usimnyang'anye. Jioni aliniomba nimwonyeshe picha za gazeti, naye atambue. Siku moja aliweka kidole juu ya picha ya pampu, akasema: "Hii ni ng'ombe." Nikamjibu: "Ndiyo, Papa, ni ng'ombe." Akafurahi, akasema ni ng'ombe mzuri, ana maziwa.

Kazini akamwambia Papa Néhémie aache kumpigia kelele. Papa Néhémie mwenyewe alinisimulia. Kwanza alikataa. Papa akakasirika mbele ya watu, akamuuliza: "Unasikia wivu? Mimi leo niko na macho ya hoteli. Kaa kimya, bibi yangu, nimekuacha." Watu wakacheka sana, na Papa Néhémie akaona haya, akanyamaza. Kabla ya hapo Papa alivuka reli kama mtu asiyeona: polepole, kwa masikio, kwa kusubiri. Sasa akawa anavuka kama kijana.

Tarehe tisa ya mwezi wa sita, mchana, waliachia behewa moja la mbao lishuke bandarini bila kichwa cha treni. Behewa la hivyo halina sauti, na upepo ulikuwa mwingi. Papa Néhémie aliliona. Alifungua kinywa, akakumbuka alivyokatazwa, akangoja kidogo, maana Papa alikuwa ameelekeza uso kulekule lilikotoka, na miwani ilikuwa inang'aa. Alipopaza sauti ilikuwa imechelewa. Nilipofika walikuwa wamemfunika kwa turubai. Mikono yake ilikuwa salama. Miwani ilikuwa shingoni, imeshikwa na uzi, haikupasuka hata kidogo.

Hukuweza kuja kwa sababu ya uzazi, basi hukuona tuliyoyafanya kwenye matanga. Papa mdogo Omer, mdogo wake Papa, aliuliza, kama inavyoulizwa, nani alikuwa na marehemu. Papa Néhémie akasimama, akasema ni yeye, aliliona behewa likimjia na sauti yake ikachelewa. Papa mdogo akamwambia aliyemtazama mtu akifa hawezi kula kwenye matanga yake, wala kutupa udongo. Vijana wakamshika mikono wakamtoa. Alikaa kando ya barabara siku tatu, bila kofia, kwenye jua, watu wakipita wanatema mate karibu na miguu yake. Wewe nawe umeandika kwamba Mungu amlipe. Nilikuwa ndani, yaya. Nilikuwa ninakoroga bukari ya wageni, nikimwona kupitia dirishani, na sikusema neno.

Sasa nimefika.

Pale hotelini, mpima macho alipomvisha Papa ile miwani, yule mnene aliuliza kwa Kifaransa ni miwani gani anayompa. Akajibu kwamba ni ya maonyesho, ya kuweka nyuma ya kioo cha duka ili watu wachague pembe. Ndani ina kioo cha kawaida kama cha dirisha. Mnene akasema vizuri, mzee ataona dirisha. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Nilisikia yote na nilielewa yote. Mpima macho aliona kwamba nimeelewa. Akanigeukia, bila hasira, akaniambia: "Mwambie unachotaka."

Papa aliinua uso kwangu. Alikuwa anatabasamu. Aliniuliza: "Anasema nini, mama?" Wote walitugeukia kusikiliza. Ningesema: wametucheka, Papa, twende nyumbani. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini niliona haya, kwa ajili yake na kwa ajili yangu niliyemleta, nikamwambia: "Anasema macho yako yatahitaji siku nane kuizoea, halafu utaona."

Baada ya siku nane aliniambia anaona. Sijui kama alisema hivyo kwa sababu aliamini, au kwa sababu alijua mimi ndiye niliyelisoma tangazo. Nilikuwa na siku themanini na zaidi za kumwambia. Kila jioni nilimwona anarudi mzima, nikasema kesho.

Sasa unajua kwa nini miwani haikuja. Barua ya kwanza niliikalia kimya, na ya pili. Ya tatu ilipofika na habari ya yule mbuzi, niliona lori la misheni, niliona Hippolyte akitoa kichwa dirishani, anawaambia watu njiani kwamba sasa ana macho ya hoteli.

Ninakutumia miwani pamoja na barua hii, katika kitambaa, na uzi wake. Usimpe avae. Iweke juu ya karatasi hii, juu ya jina lako pale mwanzo, halafu uiondoe, halafu uiweke tena. Utaona jina halikui wala halipungui. Mfanyie Hippolyte hivyohivyo mpaka aamini. Na aache usukani kabla Mapadri hawajamwondoa, hata kama mtalala njaa.

Neno jingine. Matanga ya Papa yatamalizwa mwisho wa mwezi wa tisa. Umsomee Papa mdogo Omer barua hii atakapopita kwenu kutoka Kabalo, yote, usiruke. Papa Néhémie aitwe, apewe kiti cha ndani. Mimi kesho nitakwenda kwake kumwambia kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwa wengine. Kama mtaona kiti changu ndicho cha kuwekwa kando ya barabara, nitakaa.

Nisalimie Hippolyte. Mama Bertille anakusalimu, anasema mtoto apakwe mafuta ya mawese kifuani. Mkimtajia huyo mdogo habari za babu yake, mwambieni alikuwa na kofia iliyokuwa njiani.

Na jioni mkisali, ukifika kwenye majina ya watu wetu, usiliruke langu.

Mdogo wako,
Pélagie