Usiwashe Jiko Barazani

Shikamoo Mama. Usiwashe jiko barazani, petroli iliyomwagika hapo kutoka Pijo, gari kuukuu la Baba, haijakauka. Matambara yaliyolowa nimeyaanika nje, yasiingie ndani.

Asubuhi Baba kachomoa filta ya mafuta bila kubana mpira wa petroli kwanza, eti awahi misa. Petroli ikamwagikia viatu vyake vya kanisani, nikasemwa mimi! "Odeta, toka hapo, gari si mambo ya wasichana!" Sasa nani aliyeziba mpira kwa penseli yake ya hesabu? Huyo huyo msichana.

~~Baba, nisamehe.~~ Aa, sisemi.

Nimekwenda Mkuyuni kununua filta mpya. Msiite fundi. Nikirudi naifunga mwenyewe. Baba akitaka kusaidia, atanishikia tochi.

Kitindamimba wenu,
Odeta