Onyesha Mkono

Kwako Dada,

Pokea salamu nyingi kama nywele ninazofagia dukani kila Jumamosi, na heshima yako uichukue hapa juu kabla hujaanza kukosoa mwandiko. U hali gani huko? Kazi inaendaje, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua? Mama anakusalimu, anauliza kama unakula au unashindia chai tu. Mimi mzima, na nimezidi kupendeza. Hayo si majivuno, ni taarifa.

Utashangaa kuona kalamu. Kwenye simu nimezoea kukata na kuunga, na haya ninayotaka kukuambia yasingefika mazima. Nivumilie.

Kwanza nikupe habari za ukurasa wa duka letu la kinyozi, maana wewe unaona mavuno tu, shamba lilivyolimwa hujui. Baba aliponikabidhi simu ya duka nilianza kijinga kama wenzangu. Nilichukua mtandaoni picha ya kijana fulani mwenye nywele zinazong'aa kama kiatu kipya, nikaandika karibuni tuwapendezeshe. Mteja wa kwanza kuja na picha ile alikuwa mzee mwenye upara, naye anataka zile zile. Baba alimzungusha kwenye kiti taratibu, akamwambia kuwa yeye hunyoa tu, kupanda hapandi. Nikaifuta. Halafu nikahamia kwenye maneno ya hekima na maua ya asubuhi njema. Waliopenda ni wewe na Mama, na Mama alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya.

Ndipo akili yangu hii, ambayo walimu walishindwa kuiona, ikafunguka. Mtu wa mtaani hatafuti kinyozi bora duniani. Anamtafuta aliyemnyoa jirani yake. Nikamrekodi msukuma mkokoteni wa pale kona, kwa ruhusa yake, anaingia na ndevu kama kichaka, anatoka kama bwana harusi. Mtaa mzima ukatumiana ile video, kila mtu akimcheka na kila mtu akitaka kunyolewa. Nikagundua pia kwamba watu hupenda kuuona mkono wa fundi kwa karibu: povu, wembe, shingo, kimya. Basi nikawa profesa. Fundi bomba alipokuja nimtengenezee ukurasa wake, nilimwambia aache kupiga picha gari lake, apige bomba linalovuja na jinsi alivyoliziba. Mwenye saluni nilimkataza matangazo ya rangi rangi, nikamwambia awajibu watu wanaouliza kabla hawajaenda kwa mwingine. Wote siku hizi wananiita mwalimu, mimi niliyeishia kidato cha pili, tena kwa kusukumwa.

Na wewe ukawa unaandika chini ya kila video kwamba Baba hazeeki. Ukasema kwa kuwa yu mzima, utamaliza kwanza mkataba ndipo uje. Ukipiga simu, tunakuambia ana mteja kitini.

Dada, kaa chini.

Katika kuchagua vipande vya kuweka, nilikuwa naitazama mikono ya Baba kuliko mtu yeyote, na nikaona jambo ambalo hata Mama alikuwa hajaliona. Kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe. Mwanzoni nilikikata kwenye video, kama ninavyokata mteja akipiga chafya. Ikafika mahali vya kukata vikawa vingi kuliko vya kuweka. Kisha siku moja alikuwa anamnyoa rafiki yake dobi, wembe ukaruka. Damu ikateremka shingoni. Dobi, ambaye huwagombeza watu kwa doa la chai, aliifuta damu kwa kola ya shati lake mwenyewe, akainua kidevu tena ili Baba aendelee. Baba hakuendelea. Alikunja wembe, akaniambia nifunge mlango.

Nilimwambia tukuarifu. Akakataa kabisa. Alisema ukijua utaacha kazi, na wateja wakijua duka limekwisha, na hilo duka ndilo jina lake.

"Onyesha mkono," akaniambia. "Mtu usimwonyeshe."

Basi nimeonyesha mkono. Ila mkono si wake, Dada. Tangu siku ile Baba hajashika wembe. Lile koti la kijivu unaloliona kwenye video ni lake, pete ni yake, tumeizungushia uzi isinitoke kidoleni. Mikono ni yangu. Dobi alinipa uso wake nijifunzie, na nimejifunza vizuri, hayo nayo si majivuno. Ulipoandika kwamba mikono ni ile ile iliyokushika ulipoanza kutembea, niliingia nyuma ya duka nikakaa sakafuni.

Daktari anasema ni maradhi ya ubongo, hupunguzwa makali tu, kupona hakuna. Mama humlisha kwa kijiko, na hata maji humpalia. Sauti imebaki uzi. Lazima umwekee sikio mdomoni. Usinitolee ile methali ya mficha maradhi. Naijua, ilikuwa imeandikwa kwenye ukuta wa darasa, na ukutani ndiko nilikokuwa natazama wenzangu wakitazama ubao.

Juzi aliomba kuona video mpya. Nikamshikia simu. Aliitazama hadi mwisho, akaashiria niirudie, nikajua anatafuta kosa. Kisha akaniita kwa jicho nimsogelee. Nikasogea nikitegemea sifa, unanijua.

"Huyu wa kwenye simu anawatosha wateja," alisema. "Binti yangu hamtoshi."

Akafumba macho. Nikazima simu, nikaenda kutafuta kalamu.

Ndiyo maana nimekuandikia bila kumwomba ruhusa. Akinigombeza, nitafurahi kumsikia. Mkataba mwingine utausaini. Wala usipige simu kwanza, Dada. Atajikaza aseme, wewe utadhani mtandao mbovu, utakata ujaribu tena kesho. Wewe njoo.

Wasalimie wenzako wa kazini, hasa wanaoniulizia, kama wapo. Mama atakupokea, mimi nitakuwa dukani, nimevaa koti lake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba